Siku Faili la Watoa Damu Lilipokataa Kufunguka

Jumamosi, tarehe 2 Novemba. Asubuhi ukungu ulijaa mpaka bondeni, tukarudi kutoka misa ya marehemu viatu vimelowa. Mvua yenyewe ilikuja mchana, ikanyesha taratibu bila radi. Umeme haujakatika, na hilo naliandika kwa sababu si la kila siku.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaokaa sasa pale masjala ya hospitali, kwenye dawati nililoliacha nilipostaafu. Juzi Jovin, mmoja wenu, alinipigia simu. "Shikamoo bibi." Marahaba. "Bibi, tunasafisha ile programu ya watoa damu. Kipande cha kusevu kina mistari mingi ajabu. Mara faili la muda, mara ruhusa, mara kubadili jina. Mimi hicho kitu nakiandika kwa mstari mmoja." Nikamwambia asiguse kwanza, nitamwandikia. Kwa simu ningechanganya mambo na salio lake lingeisha bure.

Sijui kama nitaeleza vizuri. Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaongeza kozi ya kupiga chapa, na mengine yote niliyapata kwa kukaa karibu na watu wanaojua. Nilianza kazi wakati wa mashirika, kambi za wakimbizi zilipokuwa zimejaa wilayani kwetu na kila shirika linataka mtu wa kuchapa majina. Mashirika yalipoondoka yaliacha meza, viti, kompyuta kadhaa, na sisi. Hospitali ikachukua vyote kwa pamoja.

Mtu niliyekaa karibu naye zaidi ni Gervas, fundi wa kompyuta, mwenyeji wa Nyamiaga. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, akiniita dada, lakini katika kazi alikuwa mwalimu wangu. Akinifundisha alikuwa anafunga mikono yake nyuma ya mgongo kama mwanafunzi anayesubiri viboko. Nikimwambia shika wewe unionyeshe, anakataa. "Nikishika mimi, dada, wewe utakuwa umejifunza nini? Kuniangalia?" Ilinichosha sana tabia hiyo. Leo naona nilichojifunza kwake kimekaa, na nilichoonyeshwa na wengine kimepotea, ingawa labda ni umri tu.

Faili la watoa damu mnalijua. Lina jina la mtu, kijiji, simu, kundi la damu, na siku aliyotoa mara ya mwisho, au alama kwamba alikataliwa. Mtu akihitaji damu na friji halina, wodi inafungua faili, inatafuta kundi, inapiga simu, na watu wanakuja. Hapo mwanzo tulikuwa tunasevu kwa ule mstari mmoja anaoutaka Jovin. Nikaongeza majina ya wanakwaya fulani, nikabonyeza kusevu, umeme ukakatika, na betri ya akiba ilikuwa imechoka siku nyingi. Umeme uliporudi faili lilikuwepo, na jina lake lilikuwepo, ila ndani hamna kitu.

"Limekufa?" nikamuuliza Gervas.

"Halijafa. Halijazaliwa." Akavuta kiti. "Ukiiambia kompyuta iandike juu ya faili la zamani, kwanza inafuta yote, ndipo inaanza kuandika mapya. Umeme umekatika hapo katikati. Dada, wewe nyumbani ukitaka kubadilisha mbegu za maharage, unamwaga za zamani kwenye chungu kabla hujapata mpya?"

"Mimi sina chungu cha mbegu. Nina gunia."

"Basi gunia."

Tuliandika upya kila kitu kutoka kwenye kadi za watu, mimi nasoma, yeye anachapa kwa vidole viwili huku akinilaumu mimi, ninayechapa kwa vyote kumi, kwamba nasoma polepole.

Toka hapo akaleta utaratibu mwingine. Programu iandike orodha nzima kwenye faili jingine la pembeni, faili la muda. Ikimaliza kuandika, iisukume mpaka ifike kweli kwenye diski, kwa sababu kompyuta ina tabia ya kusema imeandika wakati bado imeshikilia kichwani. Baada ya hapo tu ndipo faili la muda linapewa jina la lile la zamani na kukaa mahali pake, kwa pigo moja. Umeme ukikatika kabla ya pigo, la zamani lipo zima. Ukikatika baada, jipya lipo zima. Hakuna wakati ambapo huna kitu. Faili la muda likae folda ileile ya la zamani. Mkiliweka kwingine, pengine ni diski nyingine, kubadili jina kunageuka kuwa kunakili, na kunakili si pigo moja.

Hata hilo lilimshinda kidogo mwanzoni, naliandika si kwa kumcheka. Faili la muda aliliita "muda", jina lilelile siku zote, na mtu wa maabara naye alitumia kipande hichohicho kusevu matokeo yake humohumo. Siku moja tukabonyeza pamoja. Orodha yangu ikatoka nusu watoa damu, nusu vipimo vya minyoo vya watoto wa shule. Gervas alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka akaanza kusoma. Ndipo akaenda kwenye maktaba, yaani vile vipande vya programu ambavyo watu wengine wameshaviandika na kuvijaribu miaka mingi, akachukua kile cha kutengeneza mafaili ya muda. Hicho chenyewe kinabuni jina ambalo hakuna anayeweza kulikisia, na kikikuta jina tayari lipo, kinatafuta jingine. Halafu kina jambo moja zaidi, na hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Faili la muda linapotoka mkononi mwake, limefungwa kwa kila mtu isipokuwa aliyelitengeneza.

Hapo lazima niwaeleze tulivyokuwa tunaishi na ruhusa. Kila faili lina mwenyewe, lina kikundi, na kuna watu wengine wote. Kila mmoja wa hao unaweza kumpa kusoma, kuandika, au kumnyima. Sisi pale tulikuwa tunampa kila mtu kila kitu. Hatukufanya hivyo kwa uvivu. Kwetu Mabawe, nilikozaliwa, mtu akila mchana mlango umefungwa atasemwa. Ukifika kwa mtu ukakuta wamo ndani na wamejifungia, hugongi. Unarudi ulikotoka, humwambii mtu, na husahau. Sasa umnyime mfanyakazi mwenzako faili, unamwambia nini? Mganga mkuu mwenyewe alisema mbele yetu, "Hapa hatufungiani." Tukaona ni neno jema, na mpaka leo naona lilikuwa jema.

Ila dereva mmoja alikuja kuchaji simu, akakaa kwenye kiti changu, akafungua faili, akamsomea mwenzake kwa sauti majina ya waliokataliwa kutoa damu. Sababu hatukuwa tumeziandika, lakini watu hujaza wenyewe. Mama mmoja aliacha kuja kanisani kwa muda. Basi tukakubaliana kwamba akaunti ya dawati langu isome na iandike, kikundi cha wodi kisome tu, wengine wasione. Gervas alizunguka kila wodi akieleza, na manesi walikubali, kwa sababu wao walikuwa kwenye kikundi.

Mmoja wa manesi hao ni Edina, wa wodi ya wazazi, kwao Biharamulo. Alikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa kusamehe. Wiki moja kabla ya mambo ninayosimulia, Gervas alimkuta ameweka kikombe cha uji juu ya kompyuta ya wodi, akamwambia mbele ya wagonjwa, "Nesi, hiyo si meza ya chai." Kusema kweli uji ulikuwa karibu kumwagika. Na kusema kweli angeweza kumwita pembeni.

Jumatatu iliyofuata Gervas aliweka kipande kipya cha kusevu, chenye faili la muda la maktaba. Tulikijaribu kwenye akaunti yangu. Nilibonyeza kusevu, yeye akachomoa waya ukutani, tukawasha tena, faili zima. Tukarudia, faili zima. Akaagiza soda. Hatukujua, na nadhani hata nyinyi msingejua, kwamba kila nikisevu, lile faili la muda lililofungwa kwa wote linachukua nafasi ya faili lililokuwa wazi kwa wodi. Kwangu lilifunguka vizuri. Mwenyewe nilikuwa mimi.

Jumanne Edina akajaribu kulifungua. Kompyuta ikamwandikia HUNA RUHUSA. Ujumbe huo Gervas ndiye aliyeutafsiri ili sisi wa Kiswahili tuelewe. Ungebaki Kiingereza, Edina angedhani ni mashine imeharibika, angepiga kelele kama kawaida. Kwa Kiswahili, tena kwa herufi kubwa, alisikia mtu anayemjua akisema naye. Akainuka, akarudi kwa wagonjwa wake. Jumatano alipita mbele ya dirisha langu, akanisalimia, habari ya faili hakuigusa.

Alhamisi mimi nilikuwa Nyakahura, kwenye mnada wa ng'ombe, tunaandikisha watoa damu wapya. Tulikuwa na meza, kalamu na gari la hospitali. Hatukuwa na mifuko ya kutolea damu. Simu ikaita.

"Shikamoo dada." Ni Edina, anahema.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nina mama hapa, katoka kwenu Mabawe. Kajifungua salama, lakini damu haitaki kusimama. Daktari yuko naye. Kundi lake kwenye friji halipo. Nataka majina."

"Si ufungue faili?"

"Mlinifungia."

"Nani kakufungia?"

"Nyinyi. Tangu Jumanne. Imeandikwa sina ruhusa."

"Tangu Jumanne! Na hukusema?"

"Niseme nini, dada? Mtu kakufungia mlango wake, wewe unamwendea kumuuliza kwa nini?"

Hata mimi nisingeuliza. Nikamwambia ampigie Gervas. Alikuwa ameshampigia. Gervas alikwenda Biharamulo kuleta betri na simu yake haipatikani. Karatasi ya zamani ya majina niliyowahi kuwachapia nayo alikuwa ameipitia yote. Wa kundi lile, mmoja amehamia Kahama, mmoja ni mjamzito, mwingine katoa juzi tu. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mwanamke mtu mzima akiomba kwa Kihangaza, lugha ya kwetu, rozari au kitu kama rozari. Nadhani alikuwa mama mkwe.

Faili lilikuwa linafunguka kwa akaunti moja tu, na akaunti hiyo ilikuwa na neno la siri ambalo nilimwahidi Gervas sitampa mtu yeyote hata askofu. Sikufikiri kwa muda mrefu. Nilifikiri, lakini si kwa muda mrefu.

Neno lenyewe lilikuwa Bihogo, jina la ng'ombe wa marehemu baba yangu, na vikorokoro ambavyo Gervas alinilazimisha kuongeza. Mtandao wa simu unakata, ng'ombe wanalia kila upande. Nikapanda juu ya boneti ya gari.

"Bihogo!" nikapiga kelele. "B kubwa! Bihogo!"

Wachungaji wakageuka. "Mama, yuko wapi huyo Bihogo? Tumwone."

"Alama ya kujumlisha! Ndiyo, kujumlisha! Halafu mbili!"

"Bihogo na ndama wawili," mmoja akawaambia wenzake. "Mama, mbona unauzia kwenye simu na wanunuzi tupo hapa?"

"Limekataa," akasema Edina.

"Umeacha nafasi katikati?"

"Nimeacha."

"Usiache. Yote yaandamane."

"Ana maziwa?" mzee mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa, amevua kofia.

"Limefunguka," akasema Edina, na simu ikakatika. Sikujua ni mtandao au ni yeye.

Nikashuka kwenye boneti. Nikamwomba radhi yule mzee, nikamwambia Bihogo hauzwi. Akasema amesikitika, kwa maelezo yangu alionekana mnyama mzuri. Tuliendelea kuandikisha watu kwa sababu walikuwa wamepanga foleni, lakini mwandiko wangu wa mchana ule mtaukuta kwenye kadi, haufanani na mwingine. Kila nikipiga simu wodini haipokelewi. Nilijiambia wana kazi. Nilijiambia na mengine pia.

Tulirudi jua linazama. Kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi walikaa wanaume wawili, kila mmoja na soda na biskuti, pamba imebandikwa mkononi. Mmoja alikuwa mwalimu kutoka Nyamiaga, vidole bado vina chaki. Alikuwa ametoka darasani akapanda bodaboda. Wa pili alikuwa mwashi, na saruji yake. Edina akatoka. Nilimwangalia usoni.

"Yupo," akasema. "Amelala. Mtoto ananyonya." Halafu akaanza kulia kwa hasira, akanigeuzia mgongo.

Kesho yake tulikaa watatu, ofisini kwa Gervas. Alikuwa amerudi na betri na ameshasikia habari zote, kwa sababu hata Biharamulo walikuwa wanaongea kuhusu mama anayeuza ng'ombe juu ya boneti.

"Nesi, mimi sikukufungia," akaanza.

"Iliandikwa kwa Kiswahili chako."

"Kiswahili changu kikoje?"

"Cha amri."

Gervas akakubali kwa kichwa. Edina naye akasema, polepole, kwamba angeuliza Jumanne, mama yule asingesubiri Alhamisi. Mimi nimejaribu mara nyingi kugawa lawama za siku ile na sijaweza. Maktaba ilifanya sawa. Faili la muda linalozaliwa wazi, mtu akiwahi kulifungua katika upenyo mfupi kabla hujalifunga ataendelea kulisoma hata ukilifunga baadaye. Kwa hiyo lizaliwe limefungwa. Gervas alitupa faili lisilokufa. Edina alifanya kama alivyolelewa, na nilivyolelewa mimi. Ila mambo hayo mema yote yalikuwa karibu kumwacha mtoto bila mama.

Basi Jovin, mistari unayotaka kuifuta ndiyo hii. Kabla ya pigo la kubadili jina, programu inalitazama faili la zamani. Ni la kikundi gani, nani anasoma, nani anaandika. Inalivisha faili la muda hayohayo. Kama la zamani halipo, linabaki limefungwa mpaka mtu aamue kwa akili yake. Ni kabla, si baada. Ukiweka baada, kuna nafasi nesi atafungua akakataliwa, na umeme ukikatika hapo atakataliwa mpaka mtu agundue. Mwisho kuna mistari ya kufuta faili la muda kama kusevu kumeshindikana, maana vinginevyo mtaacha majina ya watu yametapakaa kwenye folda. Fupisheni mnavyojua, nyinyi mmesoma. Lakini mkishafupisha, chomoeni waya, halafu nendeni wodini mkalifungue kwa akaunti ya nesi. Kulifungua kwa akaunti yenu wenyewe hakuwaambii chochote.

Ujumbe wa HUNA RUHUSA Gervas aliufuta siku hiyohiyo. Aliandika mwingine huku Edina amesimama nyuma yake akimsahihisha: "Faili hili halijafunguka kwa akaunti yako. Huenda kosa ni letu. Tafadhali uliza masjala au kwa fundi sasa hivi." Gervas aliona "tafadhali" imezidi. Edina akasema ibaki, ikabaki. Neno langu la siri nalo nilibadilisha, kwa vile Nyakahura nzima walikuwa nalo.

Mama yule aliruhusiwa baada ya siku kadhaa. Walipita masjala kuchukua karatasi, mama mkwe kambeba mtoto. Nilimsalimia kwa Kihangaza, akaitikia. Hakujua mimi ni nani, na sikuona sababu ya kumweleza. Edina aliwasindikiza mpaka getini. Aliporudi hakwenda wodini. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Gervas, ambao ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vumbi, akasimama. Nilimwona kwenye dirisha langu. Alisimama kwa muda, akarekebisha kofia yake, halafu akagonga.

"Hodi! Printa imegoma."

Nilijua printa haijagoma, nilikuwa nimetoka kuitumia. Gervas akafungua, akaenda kuiangalia, akarudi kwenye kiti chake. Tangu siku hiyo Edina alikuwa anagonga kwa kila jambo, mpaka Gervas akaanza kunilalamikia kwamba hanywi chai yake ikiwa ya moto.

Jioni hii tumekula ugali wa muhogo na maharage, na dagaa kidogo walioletwa na binti yangu kutoka sokoni. Maharage hayakuiva sawasawa, kuni zilikuwa mbichi.